"Tabora Hakuna Wanamuziki" na Dhana Nyingine Zinazoua Bendi Kabla Haijapiga

Tangazo la usaili wa bendi limesambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, Jumamosi imefika, ukumbi wa kuazima umefunguliwa. Wanakuja wapiga gitaa la solo sita, waimbaji tisa, na mpiga besi hata mmoja hayupo. Jioni viongozi wa bendi wanarudi Isevya na Ng'ambo wakisema mji umekauka. Wiki inayofuata wanarudia tangazo lilelile, wanapata watu walewale. Lawama nyingi zinazoangushiwa mji huanzia kwenye usaili wenyewe: unaita watu wasiotakiwa, unawapima kwa kitu kisichohitajika, kisha unashangaa matokeo.

Dhana: Wenye uwezo wote wamekimbilia Dar

Wapo waliopanda treni, hilo halina ubishi. Lakini mji uliowatoa Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz haujaishiwa watu wenye masikio. Waliobaki hawapigi kwenye kumbi za dansi, ndiyo maana tangazo la bendi ya dansi haliwafikii. Wako makanisani. Wamoravian wana matarumbeta, Wakatoliki wana kwaya zinazosoma nota za sol-fa, na makanisa ya Kipentekoste yana dramu, besi na kinanda vinavyopigwa kila Jumapili kwa saa kadhaa mfululizo. Wengine wako kwenye sherehe, wanapiga kinanda nyuma ya MC na hakuna anayeuliza jina lao. Kabla ya kutangaza chochote, nendeni mkawasikilize hukohuko wakiwa kazini. Anayepiga mbele ya waumini wanaobadilisha wimbo bila taarifa anafanya usaili kila wiki.

Kizingiti ni kwamba ujuzi wa kanisani haufanani na wa bendi, na tofauti hiyo huonekana zaidi kwa wapiga kinanda. Wengi wana mazoea mawili. La kwanza, vidole vinajua ufunguo mmoja tu (ngazi ya noti ambamo wimbo unapigwa), mara nyingi C. Ukisema "tupige D", anabonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo mara mbili na mikono inabaki palepale. Peke yake hakuna atakayegundua. Kwenye bendi, mwimbaji akiomba kushushwa katikati ya wimbo, lazima asimame atafute kitufe. Na akisahau kukirudisha kwenye sifuri, wimbo unaofuata unaanza huku bendi nzima ikipishana kwa nusu-toni mbili (nusu-toni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti kwenye kinanda). Kila mtu anamtazama mpiga gitaa.

La pili, amezoea mdundo wa ndani ya kinanda, ule wa kubonyeza na kuondoka, na mkono wake wa kushoto umekuwa ukijaza nafasi ya besi kwa miaka. Mlete kwenye bendi na mkono huo utagombana na mpiga besi kwenye noti zilezile za chini. Mtasikia uji mzito ukumbini na msijue unatoka wapi.

Kwa hiyo mpimeni hivi: zima midundo ya kinanda, weka kitufe cha ufunguo kwenye sifuri, mkono wa kushoto usishuke chini ya C ya kati, mpiga besi aingie. Nyimbo mbili zinatosha kuonyesha kama ana sikio. Akibabaika kwenye ufunguo lakini anasikia kodi zinapobadilika (noti kadhaa zinazopigwa pamoja, siyo kodi za TRA), huyo anafundishika: ufunguo mmoja kwa wiki, G, kisha F, kisha D. Asiyesikia kodi inapobadilika, hata awe na vidole vya umeme, mtamsubiri sana.

Dhana: Mwache apige anachokijua, kipaji kitajionyesha

Hapa ndipo usaili mwingi unapoharibika. Mtu akipiga kipande alichokipiga miaka mitatu chumbani kwake, unachosikia ni miaka hiyo mitatu. Hujui atachukua muda gani kushika wimbo mpya wa bendi, wala kama anaweza kuwasikiliza wenzake. Mpiga solo anayemwaga noti kama mvua ya Desemba akiwa peke yake anaweza kupotea kabisa mpiga dramu anapoanza kuhesabu.

Utaratibu unaofanya kazi huanza siku 4 kabla. Tumeni nyimbo mbili kwa ujumbe wa sauti: moja ya kopi ambayo kila mtu ameshaisikia, na moja yenu ambayo hajawahi kuisikia. Andikeni ufunguo wa kila wimbo na sehemu anayotakiwa kuishika. Atakayeuliza swali siku ya pili ("hapa kwenye kiitikio mnaingia F au Dm?") ameshawaambia jambo kuhusu namna anavyofanya kazi.

Siku yenyewe, msiite zaidi ya watu watano. Kila mmoja apewe dakika 40, na asipige peke yake: dramu na besi wawepo, hata kama ni za kuazima. Dakika 5 za kwanza ni za kutyuni. Kabla hajafika, legezeni kidogo uzi wa pili wa gitaa na mnyamaze. Anayeanza kupiga bila kugundua mwandikeni hivyo. Kisha wimbo wa kopi mara mbili, wimbo wenu mara mbili. Baada ya hapo hamisheni wimbo wa kopi kutoka C kwenda D bila kumpa zaidi ya dakika moja. C, F na G zinageuka D, G na A. Mwenye kushika kodi za wazi tu (zenye nyuzi zisizobanwa) ataomba kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa. Si dhambi, ila mjue solo na rithim zake (rithim ni gitaa la kushikilia mdundo) zina mipaka. Mwishoni shusheni sauti ya vyombo vyote hadi watu wawili waweze kuongea bila kupayuka, mpige tena. Kwa sauti ndogo hakuna pa kujificha: anayezoea kujizamisha kwenye kelele huanza kukosa noti, na dramu wa nguvu nyingi hupoteza mwendo.

Rekodini yote kwa simu iliyowekwa katikati ya chumba, mbali na spika. Usiku mkisikiliza tena, mtu aliyewavutia kwa macho mara nyingi hupungua, na yule mkimya wa pembeni hupanda.

Dhana: Ukipata mpiga solo mkali, wengine watafuata

Wapiga solo ndio wengi kuliko wote, kwa sababu solo ndiyo inayosikika redioni na ndiyo inayopigiwa makofi. Anzeni na dramu na besi. Bila hao wawili hamna hata chombo cha kumpimia huyo mpiga solo.

Dramu hupimwa kwa simu. Wekeni programu ya metronomu kwenye mapigo 96 kwa dakika, mwacheni aisikie kwa mizunguko minne, izimeni, apige dakika 3 mfululizo. Kisha pimeni mwendo wake mwishoni kwa kugonga kidole kwenye programu hiyohiyo. Akiishia 98, sawa. Akiishia 106 na hajui, kila wimbo wenu utakuwa unakimbia. Tofautisheni na sebene: wimbo wa dansi ukiingia kwenye sehemu ya kuchemka unaweza kupanda kwa makusudi, na mpiga dramu mzuri huupandisha kwa ishara moja na kuubakisha hapo. Anayekimbia hupanda kidogokidogo kila anapopiga mapambo, na hayo ndiyo ya kusikiliza: mara tu baada ya pambo, je, kiki (dramu kubwa ya mguu) inarudi mahali pake?

Kuhusu besi, dhana iliyoota mizizi ni kwamba ina nyuzi nne kwa hiyo apewe yule aliyeshindwa gitaa. Matokeo yake ni besi inayopigwa kama solo ya chini: noti nyingi, hakuna nafasi. Mwambieni apige mizunguko minane akiwa na kiki peke yake, bila gitaa wala hai-hati (matoazi ya mguu). Mnasikiliza mambo mawili tu, kama noti inaangukia pamoja na kiki, na kama anaikata noti kwa wakati au anaiacha ivume hadi iingie kwenye kodi inayofuata. Mpiga rithim mwenye mkono uliotulia huwa besi haraka kuliko mpiga solo. Kama mji haujawapa mpiga besi, mtafuteni miongoni mwa waliokuja kuomba rithim.

Na rithim yenyewe isidharauliwe. Kwenye mfumo wa magitaa matatu, solo, second solo na rithim, sebene husimama kwa sababu magitaa mawili ya nyuma yanarudia kitu kilekile bila kuchoka. Mpeni mwombaji mzunguko mmoja wa kodi na aushike dakika 4 bila kuupamba. Wengi hushindwa dakika ya pili, kwa kuchoshwa tu.

Dhana: Sebene lazima mlete Mkongo kutoka Kigoma

Anayejua, anajua, awe ametokea Kalemie kule Kongo au Urambo hapahapa Tabora. Ila asiye raia anahitaji kibali cha kazi na cha kuishi, na bendi changa haina fungu hilo. Kuna pia umbali: Kigoma hadi Tabora kwa reli ni zaidi ya kilomita 400, na mtu wa umbali huo huja kwenye maonyesho, haji kwenye mazoezi.

Dhana: Mwimbaji mzuri ni mwenye sauti kubwa

Maiki ipo kwa kazi hiyo. Mwimbaji wa kwaya anayeimba kwa nguvu akiwa amesimama hatua mbili nyuma ya maiki hulazimisha fundi kupandisha sauti mpaka spika zinapiga mluzi. Muwekeni sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye maiki, aimbe wimbo uleule kwa sauti ya kuongea. Halafu mwambieni aimbe sauti ya pili wakati mwingine anaimba ya kwanza: hapo watu wa kwaya hung'ara, na waimbaji wa kuiga nyimbo za redioni hurudi wenyewe kwenye sauti ya kwanza. Msimkatae mwanamke kwa sababu "hafiki" kwenye wimbo uliotungwa kwa koo la mwanamume. Hamisheni ufunguo, nusu-toni 4 au 5 mara nyingi zinatosha, ndipo muamue.

Dhana: Asiye na chombo chake si mwanamuziki

Wengi wanapiga vyombo vya kanisa au shule, na wanavipiga vizuri. Swali la kuuliza ni jingine: ibada yako ni siku gani, mazoezi ya kwaya ni siku gani, na je, wazee wa kanisa wanakuruhusu kupiga baa? Wasabato hawatapatikana Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jioni, na harusi nyingi huangukia humo. Kuuliza mapema si kumdharau mtu. Kumfundisha nyimbo 20 ndipo mgundue ni hasara ya pande zote.

Vyombo vya usaili vikaguliwe pia. Waya ya gitaa inayokatikakatika, nyuzi zilizoshika kutu, nyuzi zilizo juu sana shingoni hadi kodi ya kuziba (kidole kimoja kinabana nyuzi zote) inaumiza, kinanda kilichoachwa nje ya A ya 440 (kipimo cha kawaida cha kutyuni): kasoro hizi zote huandikwa kwenye jina la mwombaji. Wekeni seti moja ya nyuzi mpya na waya mbili za akiba. Ni gharama ndogo kuliko kumkosa mpiga rithim pekee aliyefika.

Dhana: Akishafaulu, amekuwa wetu

Kufaulu kunampa mtu nafasi ya kujaribiwa mazoezi sita, basi. Andikeni muda aliofika kila siku. Asipofika, mara nyingi sababu ni nauli ya bodaboda saa nne usiku kuliko uvivu, kwa hiyo mazoezi yakiisha saa kumi na mbili na nusu mtawapata wengi wa Ipuli na Cheyo.

Pesa zisemwe siku ya kwanza, kwa namba. Mfano, onyesho la shilingi 400,000: toa usafiri 60,000, mafuta ya jenereta 30,000, mfuko wa nyuzi na waya 40,000. Zinabaki 270,000, na watu tisa wanapata 30,000 kila mmoja. Ugomvi mwingi unaoitwa "tabia ya wasanii" ni hesabu ambayo haikuwahi kusemwa kwa sauti.

Angalieni na kalenda. Ukifanya usaili Oktoba, mvua za Novemba zitawaondoa wale wenye mashamba Sikonge na Kaliua, nao hawatarudi hadi tumbaku ivunwe. Usaili wa Mei unawapa muda wa kujiandaa na harusi za kiangazi, na watu wana utulivu kidogo mfukoni.

Wale mliowaacha wajibiwe usiku uleule, kwa ujumbe mfupi unaotaja walichofanya vizuri. Hifadhini namba za wa pili kwa kila chombo pamoja na nyimbo mlizowatumia. Mpiga besi wenu akipata msiba Nzega siku mbili kabla ya harusi, huyo ndiye deiwaka wenu (mbadala wa siku hiyo), na nyimbo mbili tayari anazijua.