Homa ya Ini B Iliyojificha kwa Mchangiaji Damu

Nilichangia damu hapa Mbeya, nikaambiwa sina homa ya ini B. Je, kirusi kinaweza kuwemo?

Kinaweza, ingawa hutokea kwa wachache. Kipimo kinachotumika zaidi hutafuta HBsAg, protini ya ganda la nje la kirusi. Wapo watu ambao protini hiyo haionekani kabisa, ilhali vinasaba vya kirusi vimo ndani ya ini. Hawaumwi, hawana manjano, wanalima na kufanya biashara zao kama kawaida.

Kinajifichaje?

Kikishaingia kwenye ini, huacha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli. Kinga ya mwili hukidhibiti, lakini ile nakala haifutiki. Wengine kirusi chao kimebadilika ganda, kipimo hakikitambui. Aliyeambukizwa wiki chache zilizopita ni suala jingine: HBsAg yake haijafikia kiwango cha kuonekana.

Basi kinagunduliwaje?

Kuna kipimo cha vinasaba, kinachotafuta kirusi chenyewe. Ni ghali, na bado kinaweza kukikosa, kwa sababu mara nyingi kirusi kilichojificha hakifiki yuniti 200 kwa mililita moja ya damu. Sampuli za watu kadhaa zikichanganywa ili kupunguza gharama, kiwango hicho hushuka zaidi.

Kipimo kingine hutafuta kingamwili iitwayo anti-HBc, alama ya kwamba mtu aliwahi kukutana na kirusi. Hapa ndipo penye ugumu. Kwetu watu wengi walikutana nacho wakiwa wadogo, na wengi wao walishakishinda. Ukimkataa kila mwenye alama hiyo, damu itapungua sana, na mama anayetokwa damu baada ya kujifungua kule Makete au Ludewa hawezi kusubiri. Naamini kabisa uwezo ukiwepo, mwenye alama hiyo apimwe vinasaba kwanza, asikataliwe papo hapo.

Damu yetu hupimwa nini?

VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kiko Mbeya.

Mimi mchangiaji nifanye nini?

Jibu dodoso kwa ukweli, hata kama umekuja na ndugu wanaokutazama. Sema kama mwenzi wako ana homa ya ini B au kama uliwahi kuugua manjano. Tafadhali usichangie damu ili tu upate kupimwa bure. Nenda kituo cha afya uombe kipimo. Ukikutwa huna, chanja: mtu mzima hupata dozi tatu ndani ya miezi sita. Watoto wetu walianza kupata chanjo hii kwenye ratiba ya kawaida mwaka 2002, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo wengi wao hawakuipata utotoni.

Kirusi kilichojificha kinaweza kuamka?

Ndiyo, hasa kinga ikishushwa na dawa za saratani au za kupandikizwa kiungo. Kabla ya kuanza dawa hizo, mwombe daktari akupime HBsAg pamoja na anti-HBc.