Giaboksi ya otomatiki imekufa: konveta ya zamani irudi?

"Fundi, si inazunguka vizuri tu? Ya nini ninunue nyingine?" Swali hili hunifikia karibu kila ninaposhusha giaboksi ya otomatiki iliyokufa. Toki konveta, kile chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, imelala pembeni kama sufuria kubwa lenye kifuniko, haina ufa wala haivuji, na mwenye gari anaona naitupa pesa yake bure.

Mimi siiangalii konveta kwanza. Naangalia sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi. Nikikuta oili nyeusi inayonuka kuungua, sumaku zimevaa tope la unga wa chuma, au kuna chembe za rangi ya dhahabu zilizotoka kwenye bushi, konveta hiyo hairudi, na hapo sina mjadala na mtu.

Konveta imechomelewa pande zote. Ndani mna impela inayosukuma oili, tabini inayosukumwa, stata katikati yao inayoelekeza oili irudi vizuri kwenye impela, na klachi ya kufungia, ile inayounganisha injini na giaboksi moja kwa moja gari likishashika mwendo. Vyote vinaogelea kwenye oili ileile iliyotoka kwenye klachi za giaboksi zilizoungua. Konveta ikizunguka kwa kasi, uchafu hutupwa pembezoni na kujibana huko. Mwingine hujichimbia kwenye pedi ya klachi ya kufungia. Konveta nyingi za siku hizi hazina hata boliti ya kumwagia oili. Ukiigeuza usiku kucha, bado itabaki na oili, na hiyo inayobaki ndiyo chafu kuliko yote.

Nayajua haya kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka yangu ya mwanzo niliisuuza konveta kwa oili safi: natia, natikisa, namwaga, mara saba au nane, mpaka ikatoka nyekundu kama ya kopo. Nikafunga giaboksi ikiwa na klachi mpya, bushi mpya na filta mpya. Wiki chache tu gari likarudi, oili imechemka. Rejeta ya oili ilikuwa imeziba nusu na bushi zangu mpya zina mikwaruzo. Kwa hasira nikaikata ile konveta kwenye mashine ya kukerezea. Nilipopitisha kidole kwenye ukingo wa ndani, kilitoka na tope jeusi linalometameta, zito kama grisi.

Lakini filta si ilikuwapo? Ilikuwapo, ila filta kuu inakaa kabla ya pampu. Oili hunyonywa kutoka sampu, inapita kwenye filta, inaingia pampu, ndipo inakwenda konveta. Ikitoka hapo inakwenda kwenye rejeta kupoa, na katika giaboksi nyingi inarudi kulainisha bushi na gia kabla ya kudondokea sampu. Kwa hiyo uchafu wa konveta huanza na rejeta, ukaja kwenye bushi, na filta huukuta mwisho kabisa, kazi imeshaharibika. Ndiyo maana rejeta nayo huisafisha vizuri au kuibadilisha.

Dawa ni konveta mpya, au iliyokarabatiwa kwa kukatwa: ikaoshwa ikiwa wazi, ikawekwa pedi, beringi na sili mpya, ikachomelewa tena, ikapimwa mvujo na kubalansiwa. Iliyopakwa rangi tu nje siihesabu.

Kuna wakati nairudisha ya zamani bila wasiwasi. Solenoidi, yaani vali ya umeme ya giaboksi, imekufa, waya umekatika, sili ya nje inavuja lakini oili haikuwahi kuisha, na oili yenyewe ni safi. Namwaga kidogo kutoka konveta juu ya kitambaa cheupe na kukipeleka juani: kikimeta, basi, hairudi. Kisha napitisha ukucha kwenye shingo, pale inapokaa oili sili. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja. Rangi ya bluu kwenye shingo ina maana chuma kilipata joto kali. Mwisho naijaribu stata kwa koleo jembamba: upande mmoja izunguke, upande wa pili igome papo hapo. Ikizunguka kote kote, gari litakuwa zito kuondoka. Ikigoma kote kote, litaondoka vizuri lakini litakosa nguvu kwenye mwendo mkubwa na kuchemsha oili.

Namwuliza pia dereva kama gari lilikuwa likitetemeka kwenye mwendo wa kati, utadhani linapita juu ya bati la migongo. Akisema ndiyo, naishuku klachi ya kufungia, na konveta siirudishi hata oili ikiwa safi.

Wakati wa kufunga, natia oili kiasi ndani ya konveta, kisha naisukuma konveta kwenye giaboksi huku naizungusha mpaka idumbukie hatua kwa hatua, mara mbili au tatu. Giaboksi lazima igusane na injini kwa mikono mitupu. Ukiona pengo halafu ukaanza kulivuta kwa boliti, simama, ishushe, uanze upya, kwani pampu itavunjika kabla hujaendesha hata mita moja.