Udongo wenye mionzi: weka jembe chini kwanza

Tuseme mtu wa vyuma chakavu Gikomba, Nairobi, amepasua kasha zito lenye alama ya mionzi, ile ya mabawa matatu, unga ukamwagika. Majirani wema watakimbilia maji na jembe, na doa la hatua mbili tatu litageuka la mtaa mzima.

"Mashine ya kupima mionzi ikilia, udongo umechafuka." Si lazima. Kila udongo huilizisha, hata huu wetu mwekundu, kwa kuwa una potasiamu-40, uraniamu na thoriamu za asili, zote zenye mionzi. Kilima cha Mrima kule Kwale kina thoriamu nyingi kiasi kwamba kipimo hupanda bila mtu kumwaga chochote. Mpimaji hulinganisha na ardhi safi ya jirani kabla ya kusema neno.

"Ungekuwa na mionzi ungeng'aa." Goiânia, Brazili, mwaka 1987, unga wenye mionzi wa sesiamu-137 kutoka mashine ya tiba iliyotelekezwa uling'aa buluu gizani, watu wakagawiana kama zawadi. Wanne walifariki, na 249 walikutwa na uchafu huo. Lakini ule ulikuwa mkali kupindukia. Kiasi kidogo kilichochanganyika na udongo hakina rangi wala harufu.

"Mwagia maji, utaisha." Sesiamu hung'ang'ania udongo wa mfinyanzi na kubaki sentimita chache za juu. Ukiumwagia maji, unalisukuma tope mtaroni, na mtaro unajua njia ya Mto Nairobi. Ufagio nao hurusha vumbi. Aina moja ya mionzi, alfa, haipenyi ngozi, ila chembe zinazoitoa zikivutwa hadi mapafuni, ngozi haisaidii tena. Zungushia kamba kwa mbali, ondoa watoto.

"Aliyekanyaga hapo aepukwe." Hapana. Avue viatu na nguo za nje, zifungwe ndani ya mfuko, kisha aoge kwa sabuni bila kujisugua kwa nguvu. Sehemu kubwa ya uchafu huondoka na nguo.

"Nichote kidogo nipeleke ofisini." Kwa matatu, na abiria wengine? Piga simu. Mwenye kazi hiyo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Unaweza pia kuanzia kwa polisi, 999. Sema ni wapi, saa ngapi, nani amegusa. Na kama kuna wilbaro iliyokwisha kuondoka na udongo, anza na hiyo.