Saa haifi kwa kutiwa ufunguo kupita kiasi

Ukirithi saa ya mkono ya babu, kitufe cha kutilia ufunguo kimekaza na mishale haisogei, utaambiwa tu: "Aliitia ufunguo kupita kiasi." Marehemu anasingiziwa.

Kitufe kikikaza, maana yake springi iliyoviringishwa ndani ya kikopo chake imejaa. Hapo ndipo saa inapaswa kutembea vizuri zaidi. Ni kweli ukilazimisha kwa nguvu springi inaweza kukatika, ila springi iliyokatika kwa kawaida haikazi: kitufe huzunguka tu bila mwisho.

Saa iliyojaa na kugoma ina nguvu isiyofika kwenye gurudumu la mizani, lile linaloyumba huku na huko, mara 5 kwa sekunde katika saa nyingi za zamani. Mkosaji wa kawaida ni mafuta yaliyokauka yakawa kama gundi, pamoja na vumbi. Fungua kifuniko cha nyuma, zungusha saa taratibu mkononi. Gurudumu likiyumba kidogo na kusimama, shuku uchafu. Likilegea na kuinamia upande, huenda ekseli yake ilivunjika siku saa ilipoanguka, mpelekee fundi.

Usidondoshee mafuta juu ya uchafu. Nilijaribu, saa ikatembea siku mbili. Dawa ni kuifungua vipande, kuisafisha, kisha kuitia mafuta machache mno. Legeza springi kwanza, maana ikifyatuka hung'oa meno ya magurudumu.

Saa inayojijaza yenyewe ndiyo kabisa haijai kupita kiasi: springi yake huteleza kikoponi ikishajaa.