Adapta ya hedifoni ya bei rahisi: achana na boksi, pima volti

Siku hizi naulizwa swali moja kuliko yote: "Hii adapta ni nzuri?" Muulizaji ameshika kiwaya kifupi, upande huu USB-C, upande ule tundu la hedifoni, na kidole chake kiko juu ya maandishi ya boksi: biti 32, 384 kHz. Kazi yangu ni kutengeneza na kupima vifaa vya sauti, na ningependa kumfurahisha mtu, lakini maandishi hayo hayasemi kitu. Sikio la binadamu linaishia kama 20 kHz, tena likiwa bado changa, na faili la kawaida la 44.1 kHz (yaani sauti imepimwa mara 44,100 kwa sekunde) linabeba sauti hadi nusu ya namba hiyo, 22 kHz. Zaidi ya hapo ni mapambo ya boksi.

Kwanza ujue umeshika nini. Tangu iPhone 7 itoke bila tundu la hedifoni mwaka 2016 na kampuni nyingine zikafuata, adapta za USB-C zimekuja za aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja ni waya mtupu: simu yenyewe ndiyo inayogeuza namba kuwa sauti, kisha inapitisha umeme wa sauti kwenye pini za USB-C. Nyingine ina chipu ndani, DAC (kigeuzi cha namba kuwa sauti) pamoja na amplifaya yake, na simu inaipelekea namba tu. Ukichomeka ile ya waya mtupu kwenye simu isiyotoa sauti kwa njia hiyo, utapata kimya, na utaapa kwamba umeuziwa kibovu. Kuzitofautisha ni rahisi: chomeka hedifoni kwenye adapta, kisha adapta kwenye kompyuta. Kompyuta ikionyesha kifaa kipya cha sauti, chipu imo. Usisahau kutanguliza hedifoni, kwa sababu adapta nyingine hazijitambulishi mpaka zihisi kuna kitu tunduni.

Sasa volti. Chukua hedifoni ya omu 32 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) inayotoa desibeli 100 kwa miliwati 1. Miliwati hiyo moja inahitaji volti 0.18 tu. Ukitaka vilele vya desibeli 110, ambavyo ni kelele ya kuumiza, unahitaji kama volti 0.57. Kwa hiyo adapta ya volti 1 inakutosha na chenji inabaki. Lakini leta hedifoni kubwa ya omu 300 yenye desibeli 97 kwa miliwati: kufika 110 kunadai karibu volti 2.5, na adapta ya volti 1 haifiki hapo hata uibembeleze. Siyo kwamba ni mbovu. Umeipa mzigo wa watu wawili.

Hapa simu nayo ina mkono wake. Adapta ya USB-C ya Apple, ambayo ni ndogo kama njiti na inapimika vizuri sana, hutoa takribani volti 1 kwenye kompyuta, lakini kwenye simu nyingi za Android hutoa kama nusu yake, kwa sababu kidhibiti cha sauti kilicho ndani ya adapta kinaachwa chini. Nusu ya volti ni desibeli 6 zimepotea. Programu za muziki zinazoiendesha adapta moja kwa moja zinaweza kukipandisha. Ndiyo maana ukisoma vipimo vya mtu, muulize kwanza alichomeka kwenye nini.

Kitu ninachokipima kabla ya vyote, na ambacho boksi halikitaji kabisa, ni ukinzani wa adapta yenyewe upande wa kutolea sauti. Huhitaji maabara. Nina waya wa zamani wa 3.5 mm nilioukata kichwa kimoja, rezista ya omu 33, na multimita. Natoa hedifoni, nacheza toni safi ya 60 Hz simu ikiwa juu kabisa, kisha napima volti za AC kati ya ncha ya pini na pete yake ya mwisho, ile iliyo karibu na waya. Nachagua 60 Hz kwa sababu multimita za kawaida zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, na kwenye 1 kHz nyingi zinaanza kubabaisha. Tuseme inasoma 1.00. Naweka rezista sambamba na napima tena. Ikisoma 0.97, adapta ina ukinzani wa omu 1 hivi: 33 mara (1.00 ÷ 0.97, toa 1). Ikianguka hadi 0.77, ni karibu omu 10, na hapo nakunja uso.

Kwa nini? Iafoni, yaani hedifoni ndogo za kuchomeka sikioni, zikiwa na spika kadhaa ndani hazina ukinzani mmoja. Chukua moja yenye omu 30 kwenye besi na omu 6 kule juu. Ikichomekwa kwenye adapta ya omu 10, besi inapata robo tatu ya volti, sauti za juu zinapata 0.375, yaani nusu ya zile za besi. Tofauti ni desibeli 6, kama vile mtu amegusa ekwalaiza bila kukuambia. Kwa adapta ya omu 1, tofauti hiyo ni kama desibeli 1. Watu wanaosema adapta fulani ina "sauti nzito tamu" mara nyingi wanaisifia kasoro hii.

Besi inaweza kupotea kwa njia nyingine pia. Saketi za mtindo wa zamani huweka kapasita njiani kuzuia umeme mnyoofu (DC). Kapasita ya mikrofaradi 100 na hedifoni ya omu 32 zinaanza kukata chini ya 50 Hz. Ukiweka iafoni ya omu 16, mkato unapanda hadi 100 Hz na ngoma ya chini inabaki kama kopo. Chipu nyingi za sasa hazihitaji kapasita hiyo.

Nikiri kosa langu. Niliwahi kumwambia rafiki, kwa kujiamini kabisa, kwamba adapta moja ilikuwa na besi iliyoshiba kuliko nyingine. Nilipokuja kupima, ile "iliyoshiba" ilikuwa juu kwa desibeli moja na nusu. Sikio likisikia kilicho juu kidogo halisemi "kiko juu", linasema "ni kizuri". Nikazisawazisha kwa multimita mpaka tofauti ikawa chini ya asilimia 1, nikamwomba rafiki yuleyule abadilishe bila mimi kuona. Nilipatia mara 9 kati ya 16. Sarafu ingefanya hivyohivyo.

Kuhusu kelele na upotoshaji, biti 16 kwa hesabu zinakupa desibeli 98 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele, na adapta nyingi zenye chipu ya maana ziko karibu na hapo. Wanaobishana kati ya 103 na 108 siwazuii, ila hakuna sikio lililoalikwa kwenye ubishi huo. Kelele ninayoijali ni ile unayoisikia kwenye iafoni nyepesi kuendeshwa: fungua faili la ukimya, ongeza sauti, sikiliza kama kuna "shhh". Maikrofoni jaribu kwa kujirekodi. Adapta nyingine hazina njia yake kabisa.

Kipimo cha mwisho hakimo kwenye grafu nyingi, kwa kuwa hupimwa adapta ikiwa kwenye kompyuta. Simu ina redio ndani, na kiwaya cha adapta kinalala sentimita chache kutoka kwenye antena. Ingia mahali ambapo mtandao ni hafifu, simu ikiwa kwenye 2G, piga simu huku hedifoni zimechomekwa. Adapta isiyokingwa vizuri itakuletea ule mlio wa "dzz-dzz-dzz", ambao ni mipigo ya redio ya GSM (huo mtandao wa 2G) ya 217 Hz inayoingia kwenye waya. Nimeshaweka pembeni adapta mbili zilizopimika safi kabisa mezani kwa sababu hiyo tu, na moja nimeiachia kompyuta, ambako inafanya kazi bila lawama.