Acheni kuusingizia umri

Wiki iliyopita kaka mmoja alimleta mdogo wake kliniki, binti wa miaka 29. Kabla hata sijavaa glavu akanivuta pembeni: "Daktari, tuambie ukweli tu. Kwa vijana kansa ya ulimi si inakimbia? Tusije tukamtesa bure."

Ni mara ya tatu mwezi huu nasikia kauli hiyo, kwamba kansa ya ulimi kwa kijana ni kali na husambaa haraka kuliko kwa mzee. Tena safari moja niliisikia kwa daktari mwenzangu, kwenye kikao cha kupanga matibabu. Basi leo naandika.

Nilimwambia binti atoe ulimi. Ubavuni, upande wa kulia, kidonda kama punje ya haragwe. Ukikitazama utakidharau. Weka kidole sasa: chini yake pagumu, kama amemeza kokwa ya tende ikakwama humo ndani ya nyama. Huo ugumu ndio unaoamua mengi, wala si mwaka wa kuzaliwa.

Tangu toleo la 8 la TNM, mwongozo wa kupanga hatua za saratani, lilipoanza kutumika 2018, hatupimi upana wa uvimbe peke yake, tunapima na kina. Kidonda cha sentimita 1.5 kilichozama milimita 8 ni T2, daraja la pili la uvimbe. Cha upana uleule kilichozama milimita 3 ni T1, daraja la kwanza. Ulimi ni misuli mitupu, hauna ukuta wa kuzuia kitu, na limfu yake, majimaji yanayoweza kubeba seli za saratani, inaelekea kwenye tezi za shingoni. Tezi ya shingo ikishaingiliwa, nafasi ya kupona hushuka karibu nusu. Saratani ikipasua ganda la tezi hiyo na kutoka nje, ni mbaya zaidi. Hayo hayaulizi umri.

"Lakini shingo haina kitu, daktari, mbona mnaikata?" Kwa sababu kidole changu hakioni seli. Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, walilipima jambo hili na kutoa matokeo 2015: waliosafishwa tezi mapema, shingo ikionekana safi, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3, waliosubiri tezi ijitokeze kwanza, asilimia 67.5. Mimi sisubiri, labda kidonda kiwe cha juujuu kabisa.

Sasa hiyo "inakimbia". Tafiti zinazowalinganisha vijana na wazee wa hatua ileile, matibabu yaleyale, nyingi hazioni tofauti kubwa ya vifo. Nyingine zinaona kwa vijana ugonjwa hurudi zaidi palepale ulimini au shingoni. Nazichukulia kwa uzito, ingawa idadi ya wagonjwa ni ndogo na kila mtafiti ana mstari wake wa ujana: huyu 40, yule 45. Halafu ukihesabu vifo vyote, kijana anaonekana anafaidi kwa sababu hana presha wala sukari ya kumuua. Ukihesabu vifo vya saratani tu, faida hiyo inapungua. Wanaobishana mara nyingi kila mmoja ameshika hesabu yake. Na tuseme kweli: mzee wa miaka 72 akifariki tunasema siku zilifika. Kijana akifariki, mtaa mzima unakumbuka miaka 10.

Kinachowaponza vijana ninakiona mezani kwangu. Binti huyu alizunguka miezi 5. Alipakwa GV, akapewa dawa ya fangasi, akang'olewa jino lisilo na kosa. Hakuna aliyemchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kidonda cha kupimwa maabara, kwa sababu ni mdogo, havuti, hajawahi kutia tumbaku ya kuberi mdomoni. Jamani, vijana wengi wa ugonjwa huu hawavuti! Kwa nini wanaupata, hakuna mwenye jibu. Virusi vya HPV, ambavyo kila mtu anavitaja, vina makosa mengi kwenye shina la ulimi kule kooni, si huku mbele. Kidonda kimepita wiki 3? Kinyama.

Na mimi nina dhambi yangu. Nikimkata mtu wa miaka 24, mkono unakuwa mzito. Namfikiria anavyoongea, namwachia nyama kidogo. Kumbe nyama ikishakatwa inajikunja, na kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi, inasinyaa tena. Sentimita ya nyama nzima niliyoikata kuzunguka kidonda inamfikia mtu wa patholojia, anayeipima maabara, ikiwa milimita chache, naye anataka angalau milimita 5. Huruma hiyo ikirudisha ugonjwa, tutasema tena "kwa vijana ni kali".

Baada ya upasuaji, wanaohitaji mionzi waanze ndani ya wiki 6, na wasiruke siku. Najua nauli, najua vidonda mdomoni.

Binti amepangiwa Jumanne. Kaka nimemtuma akatafute wachangia damu.