Sauti ya juu, ya kati na ya chini: namna ya kulinganisha waimbaji

Kulinganisha waimbaji kwa sauti za juu, za kati na za chini ni kusikiliza jinsi kila mmoja anavyoimba katika sehemu tatu za sauti yake, kisha kuyaweka uliyoyasikia bega kwa bega. Sehemu hizo hupimwa kwa koo la mwimbaji, si kwa kinanda. Chukua noti A4 (herufi ni jina la noti, namba huonyesha iko juu kiasi gani), ile ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, inayotumika kusawazishia ala. Kwa soprano, mwanamke wa sauti ya juu, iko katikati. Kwa teno, mwanamume wa sauti ya juu, iko juu, lakini anaimudu. Kwa baritoni, mwanamume wa sauti ya kati, iko karibu na kikomo, na besi wengi, wanaume wa sauti ya chini kabisa, hawaifikii kwa sauti kamili. Kwa hiyo anayesema fulani ni bora kwa sababu kaifikia A4 na mwenzake hakuifikia, amelinganisha maumbile ya nyuzi za sauti tu. Uimbaji hajaugusa.

Anza kwa kujua upana wa sauti ya kila mmoja. Tafuta noti ya chini kabisa na ya juu kabisa anayoweza kuishikilia sekunde tatu hivi kwa irabu safi. Noti iliyoguswa na kuachwa papo hapo isihesabiwe. Ndani ya upana huo lipo eneo ambalo sauti hukaa kwa raha na kuimba muda mrefu bila kuchoka. Wanamuziki huliita tesitura. Hili lina uzito kuliko upana wenyewe. Mwenye oktava mbili imara (oktava ni ngazi ya noti nane, toka do hadi do) ataimba nyimbo nyingi vizuri kuliko mwenye oktava tatu ambazo moja yake inayumba.

Sauti ya chini hutoka nyuzi zikiwa fupi, nene na zimelegea. Ukubwa wa sauti hupungua wenyewe huko chini, na hilo si kosa. Kosa ni mwimbaji kukandamiza kikoromeo ili aonekane mzito: sauti inakuwa ya pangoni, maneno yanafifia. Lingine ni kuteleza hadi kwenye mkwaruzo, ile sauti ya kukatikakatika ambayo karibu uweze kuhesabu mapigo yake. Wengi huidhani ni noti ya besi. Kipimo ni rahisi: je, noti hiyo anaweza kuianza taratibu na kuikuza bila kubadilisha irabu? Ya kweli hukua. Mkwaruzo haukui, ukisukumwa kwa nguvu huruka na kuwa noti nyingine.

Sauti ya juu ndiyo hupigiwa makofi, na ndipo masikio hudanganyika zaidi. Hapa nyuzi zimevutwa na kuwa nyembamba. Asiyejua kuziachia zijinyooshe huongeza pumzi na nguvu mahali pake, na matokeo yake ni kupayuka: kidevu kinapanda, shingo inakakamaa, noti inakosa utulivu au inashuka chini ya mahali pake. Mtihani wake ni kinyume cha ule wa chini. Anayeimudu noti ya juu anaweza kuipunguza ikabaki laini bila kukatika. Anayeilazimisha ana kiwango kimoja tu, cha juu kabisa. Angalia pia kama ameiimba kwa sauti kamili au kwa falseto, ile sauti nyepesi ya juu kuliko sauti ya kawaida. Zote mbili ni halali, ila usizipime kama kitu kimoja.

Soprano asihukumiwe kwa maneno yasiyosikika vizuri kwenye noti za juu sana. Irabu kama "i" na "u" hutambulika kwa mwangwi wa kinywani ulio karibu na hezi 300. Noti yenyewe ikishafika A5, hezi 880, imeupita mwangwi huo mbali, kwa hiyo mwimbaji hulazimika kufungua kinywa na irabu zote huelekea "a". Hiyo ni fizikia, si uzembe wa matamshi.

Sehemu ya kati haina mbwembwe, lakini kwa maoni yetu ndiyo inayomfichua mwimbaji. Sehemu kubwa ya maneno ya wimbo huimbwa hapo, na hapo karibu ndipo pana mvuko kati ya sauti ya kifua, nzito kama ya kuongea, na sauti ya kichwa, nyepesi ya juu. Kwa wanawake wengi mvuko wa kwanza uko karibu na E4 na F4. Kwa teno huanza karibu na D4 hadi G4, na baritoni chini kidogo ya hapo. Mwambie mwimbaji apande ngazi ya noti polepole kwa irabu "a", kisha ashuke. Sikiliza kama sauti inaruka, inapungua ghafla, au inabadilika rangi kana kwamba kaingia mtu mwingine. Kushuka hufichua zaidi, kwa sababu wengi hubeba sauti ya kichwa chini mno kisha wakaangukia kifuani kwa kishindo.

Ukitumia wimbo mmoja kwa waimbaji wawili, kila mmoja auimbe katika ufunguo, yaani kimo cha noti za wimbo, unaomfaa. Ukishikilia ufunguo mmoja umeshamchagua mshindi kabla hawajafungua kinywa.

Kwa rekodi, chagua za jukwaani kuliko za studio, ingawa hata jukwaani kuna mitambo inayonyoosha noti. Noti zote zikiwa zimetulia mno, bila ule mteremko mdogo wa kuingilia noti, shuku. Sawazisha ukubwa wa sauti wa rekodi zote mbili, kwani sikio hupendelea yenye kelele zaidi. Tena, maikrofoni nyingi za jukwaani huongeza uzito wa sauti za chini mdomo unapoisogelea. Baritoni aliyeibusu maikrofoni anaweza kusikika mzito kuliko besi aliyesimama hatua moja nyuma.